Difu za nyuma za lori la 6x4: 75W-90 sinthetiki, 80W-90 au 85W-140?

Mwenye_Tandemu

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaoijua difu ya lori kwa undani.

Gari ni praimova (kichwa cha kuvuta trela) ya 6x4. Difu mbili za nyuma ni za kraunwili (gia kubwa) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), hapu hazina gia ndani. Difuloki (kifungio cha difu) ya kati ipo, ya magurudumu pia ipo. Njia ni Mombasa, Nairobi hadi Malaba, kwenda mzigo umejaa, kurudi mara nyingi tupu. Linatembea kama kilomita 9,000 kwa mwezi. Kitabu cha gari kinataka API GL-5 (daraja la oili za gia za difu), na jedwali lake linaruhusu 75W-90, 80W-90 na 85W-140 kulingana na joto la nje. Sasa hivi ndani kuna 80W-90 ya kawaida, inabadilishwa kila kilomita 40,000. Difu zote mbili zinameza lita 26 hivi. Sili ya pinioni ya difu ya mbele inatoa jasho, haidondoki.

Nataka kuhamia sinthetiki. Maswali yangu:

Je, 75W-90 si nyepesi mno kwa joto la Mombasa na milima ya huku juu? Fundi mmoja ananiambia niweke 140 nisahau.

Naweza kununua pipa moja litumike kwa difu na giaboksi?

Ikibaki oili ya zamani kidogo ndani, kuna ubaya? Lazima nioshe difu kwa dizeli kwanza?

Na baada ya hapo nibadilishe kila kilomita ngapi?

---

Fundi_Pinioni

Ndugu, tuanze na hofu ya namba, maana hiyo ndiyo inayowapoteza wengi.

Namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, basi. 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini, 85W kwenye 12 chini. Alfajiri ya Julai hapa Nairobi bado ni nyuzi kama kumi juu ya sifuri. Kwa hiyo kwetu namba ya kwanza haichagui oili. Namba ya pili ndiyo inayoeleza unene difu ikiwa imepata moto. Kwa SAE J306, kiwango kinachopanga madaraja ya unene wa oili za gia, oili ya 90 inatakiwa iwe na mnato wa sentistoki 13.5 hadi 18.5 kwenye nyuzi 100. Ya 140 ni 24 hadi 32.5. 75W-90 na 80W-90 zote mbili ni 90. Hakuna nyepesi hapo difu ikishachemka.

Na usilinganishe na namba za oili ya injini, ni mizani mbili tofauti. Hiyo 90 ya gia inaangukia pale pale zilipo 40 na 50 za injini.

Sasa angalia zinavyobadilika na joto. Chukua 80W-90 ya kawaida ambayo karatasi yake inasema 145 kwenye nyuzi 40 na 14.5 kwenye nyuzi 100, halafu 75W-90 ya sinthetiki inayosema 110 na 15.5. Ukipiga hesabu, kwenye nyuzi 20 ya kawaida ina mnato wa kama 520, sinthetiki kama 310. Kwenye nyuzi 120 ya kawaida imeshuka hadi 9, sinthetiki iko 10. Yaani ile unayoiogopa kuwa nyepesi ndiyo inayobaki nzito pale ambapo difu inaumia. Asubuhi ndiyo inayotangulia kufika kwenye beringi, mchana ndiyo inayochelewa kukonda.

Kwa njia yako, mlima wa kuangalia si wa Mai Mahiu. Hapo na mzigo unashuka. Ni kuanzia Salgaa kupanda Mau Summit hadi Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, gari liko gia ya chini, torki imejaa, na mwendo wa upepo chini ya difu ni mdogo. Mteremko wa Mai Mahiu nao una kazi yake: ukishusha kwa breki ya injini, mzigo unahamia upande wa pili wa jino la pinioni, upande ambao haujazoea kusukuma. Meno ya haipoidi, yaani ya kraunwili na pinioni ambayo mhimili wake haukai katikati ya kraunwili, hayaviringiki tu, yanateleza moja juu ya jingine chini ya shinikizo kubwa sana. Utando wa oili peke yake hautoshi. Ndiyo maana GL-5 ina salfa na fosforasi: pale chuma kinapochemka kwenye mgusano, viambata hivyo vinafanya tabaka jembamba juu ya jino, na linalochunika ni tabaka hilo badala ya chuma. GL-4 ina karibu nusu ya dawa hiyo. Kwenye difu ya haipoidi haitoshi, hata ikiwa sinthetiki ya bei gani.

Joto la kawaida la oili ya difu ya lori ni nyuzi 70 hadi 105. Oili ya kawaida ikikaa juu ya 120 inaoza haraka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya kuoza inakaribia kuwa maradufu. Hapo ndipo sinthetiki ya kweli, ile ya PAO (mafuta ya msingi yanayotengenezwa kiwandani), inalipa. Haichoki upesi, haiachi lami nyeusi kwenye beringi.

Kuhusu 140. Ina mahali pake: tipa la machimbo linalopanda na kushuka polepole siku nzima, mzigo wa kushtua, joto kali, au pale mtengenezaji anapoitaja kwa kazi hiyo. Kwa gari la safari ndefu ni mzigo wa bure. 85W-140 ya kawaida kwenye nyuzi 20 ina mnato wa kama 1,300. Hiyo ni mara nne ya sinthetiki yetu ya 75W-90. Kraunwili inaikoroga kama uji mzito, nguvu inageuka joto, dizeli inaliwa, na beringi ya nje ya pinioni, ambayo inategemea oili inayorushwa na kraunwili ipite kwenye mfereji wake, inakaa kavu dakika za kwanza. Mara nyingi ukiambiwa weka 140 "usahau", kinachotafutwa ni kufunika mlio. Difu inayolia inataka beringi ikaguliwe na mchezo wa pinioni upimwe. Oili nzito itapunguza kelele, lakini beringi itaendelea kuliwa kimyakimya.

Kwa gari lako mimi ningechagua 75W-90 sinthetiki. Lakini si kabla ya kubadilisha hiyo sili. Faida kubwa ya sinthetiki kwako ni kukaa muda mrefu ndani. Difu inayovuja huongezwaongezwa, na oili inayoongezwa kila mwezi na chochote kilichopo dukani haina tena sifa ya sinthetiki.

---

Kaunta_Kirinyaga

Hapo kwa pipa moja: hapana.

Dawa ya salfa ya GL-5 inaweza kula shaba na brasi za pete za sinkronaiza (zinazolinganisha kasi ya gia kabla ya kuingia) ndani ya giaboksi. Hata pale isipokula, inafanya pete ziteleze mno, gia inakataa kuingia au inakwaruza. Giaboksi nyingi za malori zina kibali chao cha oili, kwa mfano orodha TE-ML 02 ya ZF, mtengenezaji wa giaboksi, na giaboksi zisizo na sinkronaiza huwa na daraja la API MT-1. Ekseli ziko kwenye orodha nyingine, TE-ML 12. Soma bamba la giaboksi, nunua yake peke yake, na uandike kwa rangi juu ya kila mtungi ili vijana wa gereji wasichanganye.

Difuloki ya meno, ya kati na ya magurudumu, haihitaji ile dawa ya ziada ya kuzuia kukwaruza. Hiyo ni ya difu zenye sahani za msuguano, ambazo ni nadra kwenye praimova. Ukiona chupa imeandikwa LS (limited slip), waachie wenye difu hizo.

---

Mama_Gereji_Athi

Fundi amesema vizuri kuhusu oili. Mimi naongeza kazi yenyewe, maana oili nzuri ikiwekwa vibaya inaharibu difu na breki kwa pamoja.

Kwanza sili. Toa shafti ya propela, toa flenji ya pinioni, halafu pitisha ukucha mahali ambapo mdomo wa sili unakaa. Ukihisi mfereji, sili mpya itavuja ndani ya miezi michache hata ukiiweka kwa ustadi gani. Bandika pete ya chuma ya kurekebisha flenji au badilisha flenji. Kabla ya kufungua nati ya pinioni, piga alama nati na shafti, na uhesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana. Kwenye difu zenye kola ya kupondeka, nati ikikazwa kupita kiasi inaziminya beringi, ikilegea pinioni inacheza. Difu nyingi kubwa za malori zina spesa ngumu na nati hukazwa kwa torki kubwa ya kitabu, kwa hiyo jua una aina gani kabla hujashika spana ya hewa.

Halafu brida, lile tundu dogo la kupumulia juu ya nyumba ya difu. Likizibwa na matope, hewa ya moto haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Nusu ya sili "mbovu" zinazoletwa zina brida iliyoziba juu yake. Ing'oe, ioshe kwa petroli, ipulize hadi izunguke kwa vidole. Kama kofia imevunjika weka mpya, maana tundu lililo wazi linakaribisha maji kila lori likioshwa kwa presha.

Kumwaga. Lori liwe limetoka safari, oili ya moto, mahali pa sawa. Fungua kwanza kizibo cha kujazia, ndipo ufungue cha chini. Ukimwaga kwanza halafu cha juu kikakataa kufunguka, gari limelala hapo bila oili. Acha idondoke dakika 15 hadi 20. Difu ya mbele yenye difu ya kati (ile inayogawa torki kwa ekseli mbili za nyuma) ina kizibo chake cha ziada kwa mbele kwenye ekseli nyingi, usikisahau.

Soma sumaku ya kizibo. Unga laini wa kijivu kama pasta ni kawaida, hasa difu ikiwa mpya. Vipande vinavyometameta kama kucha, vijiti vya chuma, au vipande vyenye umbo la roleta, simama hapo. Oili mpya haiponyi beringi iliyopasuka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji.

Kuosha na dizeli, usifanye. Dizeli inabaki kwenye mifereji ya beringi na chini ya nyumba ambako kizibo hakifiki, halafu inaipunguza oili mpya. Kilichobaki cha oili ya zamani kikiwa kidogo hakina shida, GL-5 ya kawaida na ya sinthetiki zinachanganyika bila kuganda. Lakini mchanganyiko mkubwa unarudisha muda wa kubadilisha kuwa ule wa oili ya kawaida. Kama ndani kuna lami nyeusi au maji, jaza oili rahisi ya 80W-90 GL-5, tembea kilomita 500 hadi 1,000, imwage ikiwa moto, ndipo uweke sinthetiki. Hiyo ndiyo kuosha.

Jua pia kwamba sinthetiki inaweza kulegeza uchafu uliokuwa umeziba nyufa za sili kuukuu. Jasho likitokea wiki ya kwanza, ujue sili ilikwisha zamani na uchafu ndio ulikuwa unashikilia.

Kujaza: hadi oili isawazishe mdomo wa chini wa tundu, ianze kuchuruzika. "Nikiingiza kidole naigusa" si kiwango. Ikiwa sentimita mbili chini ya tundu tayari imepungua. Subiri dakika tano, ongeza tena. Kwenye difu ya mbele ya tandemu (ekseli mbili za nyuma zinazofuatana), kama kuna tundu la kujazia juu ya difu ya kati, mimina karibu lita moja hapo, kwa sababu oili inachelewa kufika kule yenyewe na hiyo difu ya kati huungua haraka kuliko kitu kingine chochote.

Kuna hapu. Ekseli nyingi za praimova zinatumia oili ya difu kulainisha beringi za hapu. Ikiwa ulitoa hafshafti au hapu, hizo beringi ni kavu. Baada ya kujaza, inua upande mmoja wa ekseli kama sentimita 15 kwa dakika moja, ushushe, inua wa pili vivyo hivyo, ushushe, halafu angalia kiwango na uongeze. Utashangaa kila upande unameza karibu lita moja. Ukiruka hatua hii, beringi ya hapu inaweza kuanza kuungua safari ya kwanza kabla hujafika Mtito Andei. Ila malori mengi ya Kijapani hapu zake ni za grisi, na kuna sili ya ndani inayozuia oili ya difu isiingie. Huko ukiona oili kwenye hapu ujue sili hiyo imekufa, grisi imeoshwa, na breki ya upande huo iko hatarini. Usijaze kupita tundu kwa sababu yoyote. Oili iliyozidi inatoa povu, povu halibebi mzigo, inatafuta njia kupitia brida na sili, na mwisho wake ni ngoma ya breki.

Weka washa mpya za vizibo. Tembea kilomita tano, rudi mahali pa sawa, pima tena ikiwa imetulia.

---

Mwenye_Tandemu

Asante sana, dada na ndugu zangu. Nimepima joto kwa kile kipimo cha mwanga wa infraredi, sehemu moja ya chuma kwenye difu zote mbili, baada ya mwendo wa kilomita 80 na mzigo: ya mbele nyuzi 108, ya nyuma 86. Mtengenezaji wa oili anasema ni kawaida ya mbele kuwa na moto. Kweli?

---

Fundi_Pinioni

Ya mbele kuzidi kwa nyuzi tano hadi kumi, kweli. Ina difu ya kati ndani yake, na torki yote inaingilia hapo kabla ya kugawanywa. Nyuzi 22 ni nyingi. Kumbuka pia hicho kipimo kinasoma ngozi ya chuma, oili ndani iko juu zaidi kidogo. Kwa hiyo mbele pengine umekaribia 115, na hapo 80W-90 yako imeanza kuoza.

Usikimbilie oili. Anza na matairi. Kwenye tandemu, kama matairi ya ekseli ya mbele na ya nyuma yanatofautiana kimo, ekseli moja inataka kuzunguka zaidi ya nyingine kila kilomita, na difu ya kati ndiyo inayolipa kwa kuzunguka bila kupumzika. Zungusha utepe kwenye mzingo wa kila tairi, likiwa na presha sawa na mzigo sawa. Tofauti isizidi milimita 19 kwa mzingo. Mchanganyiko wa tairi lililovishwa upya na jipya lenye kashata kamili unavuka hapo kwa urahisi sana.

Pili, muulize dereva kama difuloki ya kati inabaki imefungwa kwenye lami. Swichi inaweza kuzimwa lakini bomba la hewa au uma vikang'ang'ania. Jaribu: inua ekseli moja ya tandemu, giaboksi ikiwa nyutro na magurudumu ya ekseli nyingine yamefungiwa kwa vizuizi, halafu zungusha propela. Loki ikiwa imefunguka kweli, magurudumu yaliyoinuliwa yatazunguka. Yasipozunguka, imeshika.

Tatu, kiwango. Difu ya mbele mara nyingi imeinamishwa kufuata pembe ya propela, kwa hiyo ekseli nyingine zina matundu mawili, na lililo sahihi linategemea pembe hiyo. Ukitumia tundu lisilo lake unajaza kupita kiasi au pungufu, na yote mawili yanachemsha.

Nne, kama umebadilisha beringi za pinioni hivi karibuni, huenda zimekazwa mno.

Jambo la kuambia madereva, hasa msimu wa mvua kwenye barabara za udongo za kuingilia mahali pa kupakulia: gurudumu moja likianza kuzunguka bure kwenye matope, difu ya kati au gia ndogo za spaida zinazunguka kwa kasi ambayo oili haiwezi kuzifikia. Sekunde chache za kukanyaga mafuta zinaweza kuchoma pini ya spaida. Difuloki ifungwe kabla ya kuingia matopeni, magurudumu yakiwa yanazunguka sawa, si baada ya kukwama huku yakiruka.

---

Kaunta_Kirinyaga

Sasa kununua na kilomita.

Herufi GL-5 kwenye mtungi peke yake haithibitishi mengi, kwa sababu API haitoi leseni kwa oili ya gia kama inavyofanya kwa oili ya injini. Yeyote anaweza kuichapisha. Kinachothibitishwa na watu wengine ni kiwango cha SAE J2360: oili ikiipata, inaingia kwenye orodha na inapewa namba. Mwombe muuzaji karatasi ya maelezo ya bidhaa na utafute maneno "imeidhinishwa", si "inafaa kwa" au "inatimiza". Vivyo hivyo kwa vibali vya watengenezaji: MB 235.8 (Mercedes-Benz) na MAN 342 S1 ni vya sinthetiki ya ekseli, Scania ana STO, Volvo ana 97312. Chagua kibali cha gari lako, si cha jirani.

Katika karatasi hiyo hiyo angalia mistari mitatu: mnato kwenye 40, mnato kwenye 100, na fahirisi ya mnato (namba inayoonyesha mnato unavyostahimili mabadiliko ya joto). 75W-90 nzuri ya sinthetiki ina fahirisi ya 140 kwenda juu, oili ya kawaida iko karibu na 100. Lakini fahirisi kubwa inaweza kupatikana pia kwa kutia polima nyingi kwenye oili nyepesi, na meno ya difu yanazikatakata polima hizo hadi 90 iwe pungufu. Ndiyo maana J306 inataka oili ibaki ndani ya daraja lake baada ya saa 20 za jaribio la CEC L-45. Kama mtengenezaji anataja matokeo ya jaribio hilo, ni dalili nzuri.

Oili bandia ipo mjini. Nunua ndoo ya lita 20 yenye ukanda wa kufungia ambao haujavunjwa, namba ya kundi iliyochapwa kwenye mwili wa ndoo si kwenye stika pekee. Alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023. Oili ya kupimwa kwa lita kutoka pipa lililo wazi, iache, hata ukimwamini muuzaji, kwa sababu vumbi na maji vinaingia pipani bila yeye kujua. Rangi haikwambii kitu. Harufu kali ya salfa inakwambia dawa ipo, haikwambii ni kiasi gani.

Bei usiilinganishe kwa lita. Difu zako zinameza 26. Ukibadilisha oili ya kawaida kila 40,000, kwa kilomita 120,000 umetumia lita 78, na kazi ya fundi mara tatu, na lori limesimama mara tatu. Sinthetiki ikifika 120,000 umetumia 26. Kwa hiyo hata ikiwa bei yake kwa lita ni mara tatu, gharama ya oili imelingana, na kilichobaki ni faida ya kazi na muda. Kama inatoka mapema, tuseme 60,000, hesabu inakugeuka. Kwa tipa la machimbo ya Ndarugo au Mlolongo linalopiga maji na vumbi la mawe kila siku, nisingependekeza sinthetiki ya muda mrefu kabisa. 85W-140 nzuri, inayobadilishwa mara kwa mara, inatoa uchafu nje, na uchafu ndio unaoua difu hizo.

Watengenezaji huko nje wanataja muda mrefu zaidi wa sinthetiki kwa malori ya barabara kuu, lakini wanahesabu barabara yao na mizani yao. Usianze na namba hiyo.

---

Mama_Gereji_Athi

Anza na 60,000, upime, ndipo uongeze. Maabara za kupima oili zipo hapa Nairobi. Chukua mililita 100 oili ikiwa moto, ndani ya dakika 30 baada ya lori kusimama. Tumia bomba safi la plastiki kupitia tundu la kujazia, katikati ya kina, si kwenye kizibo cha chini ambako takataka zote zimelala. Kila difu chupa yake, andika kilomita za gari na kilomita za oili.

Majibu yakija, tazama silikoni kwanza. Ikipanda, vumbi linaingia kupitia brida au sili, na chuma kitapanda baadaye. Kumbuka gundi ya gaskiti ya silikoni nayo inaonekana kwenye kipimo cha kwanza baada ya kufungua difu, kwa hiyo usishtuke na sampuli moja. Chuma kwa idadi moja hakisemi mengi, mwelekeo ndio unaosema: ikiwa 20,000 za pili zimeongeza chuma zaidi ya 20,000 za kwanza, kuna kitu kinaliwa. Maji yoyote yanayoonekana, mwaga bila kujali kilomita. Fosforasi ikishuka sana kulinganisha na oili mpya, dawa imekwisha. Kwa hiyo peleka na sampuli ya oili mpya kutoka ndoo ile ile siku ya kwanza, maana bila hiyo maabara haina cha kulinganisha.

Na oili iliyomwagwa ikusanye kwenye pipa lenye kifuniko, iuzie mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira). Usiichanganye na maji ya kuoshea wala usiitumie kulainishia sehemu za trela.

---

Mwenye_Tandemu

Nimepima matairi sasa hivi kwa utepe. Ekseli ya mbele ina mawili yaliyovishwa upya, yamezidi ya nyuma kwa milimita 31 kwa mzingo. Nayapanga upya kesho, nipime joto tena kabla ya kugusa oili. Sili na brida zimeagizwa.

---

Fundi_Pinioni

Sawa. Baada ya kuyapanga, tembea kilomita 80 zile zile na mzigo ule ule, upime sehemu ile ile ya chuma. Tofauti ya difu mbili ikishuka chini ya nyuzi 10, endelea na sinthetiki. Isiposhuka, fungua difu ya mbele ukague washa za difu ya kati kabla hujamimina lita 26 za bei hiyo.